Hiyo asilimia 80 mnayoisema mimi sikuiona

Mdogo wangu nimekusoma. Juzi usiku kwenye kundi la familia mlikuwa mnabishana ikija korona nyingine bora nchi ifungwe au watu waachwe wakatafute riziki, na wewe ukaandika hivi kuhusu mimi: "Ulaya wafunge tu hata mwaka, wao wanalipwa, dada alikaa ndani miezi mitatu anakula asilimia 80 ya mshahara bila kutoka jasho." Shangazi akaunga mkono, mjomba naye akaongeza lake kwamba sisi Tanzania hatukufungwa na tukashinda. Mimi nilikuwa kwenye basi natoka shifti ya usiku, nikasoma mara mbili nikazima simu. Nimekaa na hasira siku mbili nzima, leo nina ofu ndo nakujibu, na nitaandika mrefu kwahiyo vumilia.

Hiyo hela ilikuwepo, sikatai. Boris Johnson, waziri mkuu wa huku Uingereza wakati ule, alitangaza kufunga nchi tarehe 23 Machi 2020, na serikali ikasema mtu ambaye kazi yake imesimama italipa asilimia 80 ya mshahara wake, mwisho paundi 2,500 kwa mwezi. Lakini wewe mfanyakazi huendi kuomba popote, ni mwajiri ndo anaamua kukuingiza au kutokukuingiza. Mimi wakati ule nilikuwa nasafisha vyumba vya hoteli kupitia ajensi, mkataba wa saa sifuri, yaani hawajakuahidi hata saa moja ya kazi kwa wiki, wakikuhitaji wanakuita wasipokuhitaji unakaa. Hoteli ikawa tupu. Ajensi ikanitumia meseji ya mistari miwili kwamba kwa sasa hakuna kazi tutakutafuta. Nikapiga simu mara tatu kuomba waniingize kwenye ule mpango, mara ya tatu yule dada wa ofisini akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwa watu wa aina yangu hawafanyi hivyo. Na karatasi zangu unazijua, zile za kuhuisha kila miaka miwili na nusu mpaka ifike miaka kumi, zimeandikwa wazi kwamba huruhusiwi kuomba misaada ya serikali. Kuhuisha mara moja wakati ule ilikuwa paundi 1,033 na juu yake 1,000 ya matibabu. Kodi ya chumba ilikuwa inasubiri, na nyie mlikuwa mnasubiri.

Ndo nikaingia kazi ya kuhudumia kwenye nyumba ya wazee. Huku kuna kazi ambazo lokdauni haikuzigusa, na ukiangalia nani anazifanya unawaona Wafilipino, Wazimbabwe, Wanijeria, na sisi. Nchi ilifungwa kwa wenye kufungika. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alikuwa analipwa ile asilimia 80, na alipaka rangi uzio wake mara mbili kwa msimu ule, tena hakuwa mtu mbaya, kila Alhamisi saa mbili usiku alitoka mlangoni na familia yake kutupigia makofi sisi wa afya na wa wazee, mimi napita na mfuko wangu wa chakula nawahi basi, ananipungia mkono. Kura za maoni za wiki ile ya kwanza zilionyesha zaidi ya watu tisa katika kumi wanaunga mkono kufungiwa. Nami ningeulizwa ningesema naunga mkono, maana niliona wazee wanavyokufa. Ila kufungiwa kwa yule jirani mwenye bustani ni kitu kimoja, na kufungiwa kwa nyumba yetu watu watano, jiko moja, choo kimoja, wanne kati yetu tunatoka kila siku kwenda kazini, ni kitu kingine kabisa, sasa ukitukusanya wote ukasema "Waingereza walikubali" unakuwa umesema nini?

Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Shifti moja ya usiku saa 12 kwa kima cha chini cha wakati ule, paundi 8.72 kwa saa, ni kama paundi 104. Ukiugua ukabaki nyumbani, malipo ya ugonjwa ya kisheria yalikuwa paundi 95.85. Kwa wiki. Wiki nzima ya kuugua haifiki usiku mmoja wa kazi. Serikali inasema kwenye TV ukikohoa kaa ndani, halafu mtu wa ajensi akikaa ndani hana kodi. Kwahiyo watu hawakukohoa. Walimeza panado wakaenda.

Mimi pia nilimeza nikaenda. Sijawahi kumwambia mtu. Ilikuwa Aprili, koo linawasha, mwili mzito, nikajiambia ni uchovu. Wiki ile nilikuwa nimeahidi hela ya dawa za presha za mama na wewe ulikuwa umeniambia shule imefungwa na mwenye shule hawalipi nyie walimu. Sikulaumu, usije ukachukua hiyo ukaiweka moyoni, nakueleza tu hesabu ilivyokuwa kichwani mwangu saa kumi na mbili jioni nikiwa nimeshika kiatu.

Pale nilikuwa namhudumia mzee mmoja wa Kihindi, kazaliwa Jinja, Uganda, alifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 na familia yake wakaletwa huku Leicester kama wengi wao. Kiingereza kilikuwa kinamtoka kichwani lakini Kiswahili cha dukani hakikumtoka. Siku ya kwanza alivyosikia natoka Tanga alicheka mpaka akakohoa. Tulipokuwa tunamgeuza kitandani ilibidi tuwe wawili, na yeye ndo alikuwa anahesabu, "moja, mbili, tatu, haya," kwenye "haya" ndo tunamvuta. Mwenzangu Mpolandi akajifunza kuhesabu hivyo hivyo. Aproni zilikuwa zimeisha, siku mbili tulivaa mifuko ya takataka tuliyoitoboa ya kichwa na mikono. Kupimwa sisi hatukuwa tunapimwa, na wagonjwa walikuwa wanatolewa hospitali wanaletwa pale bila kupimwa pia, na mahakama kuu ya huku ilikuja kusema mwaka 2022 kwamba utaratibu ule wa kuwaleta bila kuagiza watengwe kwanza haukuwa halali.

Siku tisa baada ya usiku wangu ule mzee akapata homa. Kijana wake alikuja akasimama nje ya dirisha kwenye mvua, mimi nikashika simu upande wa ndani nimeiweka spika, wanaongea Kigujarati, sikuelewa neno. Tulipomgeuza jioni ile hakuhesabu. Nikahesabu mimi.

Huenda hakuambukizwa na mimi, mle ndani kulikuwa na wagonjwa sita tayari. Huenda ni mimi. Nimelala na hilo swali miaka yote hii, halafu naamka nasoma nilikuwa nimekaa ndani nakula asilimia 80.

Sasa hasira yangu nusu ni yangu mwenyewe, maana huo uvumi niliuleta mimi. Unakumbuka ile voisi niliyotuma Aprili ile? "Tumefungiwa huku, tunakula tunalala, serikali inalipa, msiwe na wasiwasi." Niliirekodi nimekaa kwenye ngazi kwasababu ndani mwenzangu alikuwa amelala. Mama alikuwa anasikia kwenye redio Ulaya watu wanakufa, ukaniambia halali usiku presha inapanda, nikataka alale basi. Akalala. Na wiki ile ile nikatuma paundi 100, kama laki mbili na themanini hivi ya wakati ule, mkaona kweli mambo ni mazuri. Uongo ukiambatana na hela unaaminika. Kwahiyo sikulaumu kwa kuamini, nakulaumu kwa kuyarusha mbele ya ukoo mzima wakati namba yangu unayo.

Na hiyo ya kwamba sisi Tanzania hatukufungwa tukashinda, hapana bwana. Wewe mwenyewe ni mwalimu wa shule binafsi, shule zilifungwa tarehe 17 Machi mpaka tarehe 29 Juni, miezi mitatu hukupata kitu, kwahiyo wewe ulifungiwa na hakuna aliyekulipa hata asilimia nane. Soko la Mgandini hapo Tanga lilikuwa wazi, sawa, na nashukuru, mama ntilie wa Ngamiani angefungiwa wiki mbili angekufa njaa kabla ya korona, hilo siwezi kumbishia mtu yeyote, nchi ambayo mtu anakula alichouza leo huwezi kuiga London. Lakini toka Mei 2020 takwimu zikaacha kutangazwa, zikabaki wagonjwa 509, na Januari mpaka Machi 2021 mlikuwa mnazika mnasema changamoto ya upumuaji. Maalim Seif, makamu wa kwanza wa rais Zanzibar, chama chake kilisema wazi ana korona, akafa Februari. Baba mdogo alikufa mwezi huo huo, nimonia mliniambia. Nilitaka kuja. Tanzania ilikuwa imewekwa kwenye orodha nyekundu ya huku Uingereza, ukirudi unafungiwa hotelini siku kumi kwa paundi 1,750 za mfukoni mwako, na karatasi zangu zilikuwa zimeombewa kuhuishwa, ukitoka nje ya nchi kabla hujajibiwa ombi linahesabika umelifuta. Shangazi mpaka leo anasema nilithamini kazi.

Ukitaka kujua kati kati palikuwaje muulize dada yetu Mombasa. Kenya haikufunga kabisa wala haikuacha wazi, waliweka kafyu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, kuanzia tarehe 27 Machi, na siku ile ile ya kwanza watu wakapigwa na polisi kivukoni Likoni hata kafyu haijaanza, walikuwa wanawahi kurudi makwao. Yeye anauza viazi karai Mji wa Kale, viazi karai vinaliwa jioni, nani anakula viazi karai saa tisa mchana? Mei wakaufunga Mji wa Kale wenyewe, hutoki huingii. Alinipigia akaniambia mafuta ya kukaangia anayo lita ishirini na hana wa kumkaangia. Nikatuma. Ile hela niliyompa yeye ndo ile mliyosema nimepunguza.

Kwahiyo mkibishana tena kufunga au kutofunga, ulizeni kwanza anayekaa ndani analishwa na nani, na akiugua nani anamlipa. Huku Leicester tulikuwa wa kwanza kufungiwa peke yetu, nchi nzima inafunguliwa tarehe 4 Julai 2020 sisi tumebaki ndani, na watu wakasema watu wa Leicester hawasikii, wanajazana majumbani, viwanda vya nguo vimefanya kazi kimya kimya. Ni kweli vilifanya kazi. Wapo waliokuwa wanalipwa chini hata ya kima cha chini, unamwambia huyo akae ndani ale nini? Nawajua wawili. Hawakuwa wakaidi.

Haya, kuhusu lile la kuja. Umesema kuna wakala Dar anataka milioni kadhaa akupatie viza ya kea, yaani ya kazi hizi za kuhudumia wazee. Usitoe hata shilingi. Hiyo njia ya kuajiri watu wa kea kutoka nje ilifungwa Julai 2025, anayekuambia bado ipo anataka hela yako tu. Na hata ingekuwepo ningekwambia usije, una shule, una mke, una mtoto anayekufahamu. Lakini pia sitaki uwe kama mimi nilivyoambiwa "usije" na watu ambao wao wenyewe walikuja, nikawaona wachoyo, na leo ndo mimi ninayejenga nyumba ya mama, kwahiyo kama una njia halali ya masomo niambie tukae tuipige hesabu pamoja, ada, matibabu, kodi, yote, kabla hujauza kiwanja. Kiwanja usiuze lakini. Na ukifika huku usitume hela miezi sita ya kwanza, hata mama akilia. Mimi nilituma mwezi wa kwanza, na ningerudi nyuma ningetuma tena, sijui nikushauri nini hapo.

Na ukiugua usiende kazini. Kopa kwangu.

Ijumaa natuma hela ya dawa za mama, nimepunguza kidogo mwezi huu kwasababu saa zangu zimekatwa, ya mtoto wako ya shule nitaimalizia mwisho wa mwezi. Ikifika usiandike kwenye kundi, nipigie. Na mama usimsomee habari za yule mzee, ile voisi ya Aprili bado anayo kwenye simu yake, mwache nayo.