Kipima joto cha kukaangia kahawa nyumbani: usinunue bunduki ya infraredi wala multimita

Mkuu mleta mada, umesema una ngoma ya kukaangia kahawa (pipa la chuma linalozunguka juu ya moto) ya nusu kilo uliyotengenezewa na fundi, unakaanga kwa gesi uani, na sasa unataka kuandika joto kila dakika ili mkaango uliotoka vizuri uweze kuurudia. Umeuliza ununue ipi kati ya bunduki ya infraredi na multimita yenye waya wa kupimia joto. Mimi nakushauri uziache zote mbili. Tafuta kipima joto cha themokapo (sensa ya nyaya mbili za metali) aina ya K, chenye matundu mawili ya sensa, kinachosoma mpaka sehemu ya kumi ya digrii na kinachotuma namba kwenye laptopu. Sensa yenyewe nunua kando. Nimeshaunguza buni nzuri sana za Mbinga kabla sijayaelewa haya, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Infraredi nilianza nayo. Inasoma uso wa kitu ulichoielekezea, na chuma cha pua kinachong'aa kinaidanganya: inakuletea namba ya chini kuliko joto lenyewe. Ukiielekeza kwenye mdomo wa ngoma inachanganya buni, ukuta na kila kinachopita mbele yake. Zile za paji la uso zilizojaa mjini wakati wa korona usiziguse kabisa, zinaishia digrii arobaini na kidogo, na sisi tunahitaji kusoma mpaka 230.

Multimita tatizo lake ni jingine. Nyingi zinasoma digrii nzima nzima tu. Buni zikikaribia mlio wa kwanza, yaani pale zinapoanza kupasuka kwa sauti, kwenye ngoma yangu joto linapanda kama digrii 8 kwa dakika, yaani digrii moja kila sekunde saba na nusu. Sasa jiweke mbele ya kioo cha multimita: 188, 188, 188, 188, halafu ghafla 189. Katika zile sekunde saba hujui kama mkaango unaenda vizuri au umeanza kusinzia, na hapo ndipo unapotakiwa kuamua kupunguza gesi au kuiacha. Joto lenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kasi yake ya kupanda, na kasi huipati kwa namba zinazoruka digrii nzima. Kinachosoma sehemu ya kumi kinakuonyesha mabadiliko hata kabla sekunde moja haijaisha.

Kama unajua kuchezea Arduino (kibao cha kielektroniki unachokiprogramu mwenyewe), kuna vibao vidogo vya kusomea themokapo vya MAX6675 na MAX31855. Vyote vinasoma kwa hatua za robo digrii, na vinatosha kabisa kwa kahawa. Mimi nilitumia MAX6675 kwa miezi kadhaa. Ilisoma vizuri, ila nyaya zilikuwa zinachomoka katikati ya mkaango na kumbukumbu inakatika. Ukienda njia hiyo, lehemu nyaya zako na uzifunge kwenye kiboksi.

Programu ninayoitumia ni Artisan. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, inakuchorea mstari wa joto na mstari wa kasi mkaango ukiwa unaendelea. Kabla hujatoa hela dukani, angalia kwanza orodha ya vipima joto ambavyo Artisan inavitambua. Boksi kuandikwa USB hakumaanishi programu itaelewana na kifaa. Hilo kosa nimelifanya: nikarudi nyumbani na kifaa kizuri kinachoongea na programu ya mtengenezaji tu.

Sasa sensa, maana hapa ndipo wengi tunapokwama. Themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, na umeme inaoutoa ni mdogo mno, kama mikrovolti 41 kwa kila digrii. Kitu kidogo hivyo kinavurugwa kirahisi. Siku moja nilikuwa nakaanga, mota ya ngoma iko kwenye umeme, laptopu iko kwenye chaja, namba zikaanza kuruka: 171, 204, 158. Nikajua kipima joto kimekufa. Nikachomoa chaja kwa ajili ya kusogeza meza, namba zikatulia palepale. Ncha ya ile sensa ilikuwa imeshikana na ganda lake la chuma, ganda linagusa ngoma, ngoma imeshikana na mota, na umeme ukapata njia ya kuzunguka mpaka kwenye laptopu. Nunua sensa ambayo ncha haigusi ganda. Ukiwa dukani azima multimita, iweke kwenye ile sehemu inayolia umeme ukipata njia, gusa waya mmoja wa sensa na ganda lake: ikilia, rudisha. Na laptopu iache kwenye betri wakati wa kukaanga, umeme ukikatika nao hupotezi kumbukumbu.

Unene nao una maana. Sensa ya milimita 6 inachelewa, buni zimeshafika mbali yenyewe bado inapasha ganda lake. Mimi natumia ya milimita 3.

Usimruhusu fundi kurefusha waya wa sensa kwa waya wa kawaida wa shaba. Mimi nilirefushiwa hivyo, kiungo kikakaa karibu na jiko. Pale kiungoni palikuwa na joto kama la digrii 55, kipima joto kiko mezani kwenye 32, basi kila namba ikawa pungufu kwa zaidi ya digrii 20. Nikawa najiuliza kwa nini buni zinalia kwenye 170. Ukitaka kurefusha, tumia waya wa aina hiyohiyo ya K, na angalia usigeuze pande: ukigeuza, ukipasha moto namba inashuka badala ya kupanda.

Kwenye ngoma, ncha ikae ndani ya rundo la buni linapozunguka, isiguse chuma. Hiyo ni sensa ya kwanza. Ya pili iweke kwenye hewa inayotoka, inakuambia gesi yako inafanya nini kabla buni hazijajibu.

Kuhakiki ni rahisi kwetu. Barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, isome 0. Maji yanayochemka hapa Dar yasome 100, kwa kuwa tuko usawa wa bahari. Shemeji yangu wa Moshi alidhani chake kibovu kwa kusoma 97, kumbe kule juu maji yanachemka mapema. Chake ni kizima.

Na usinakili namba za mtu. Mlio wa kwanza kwangu unakuja kwenye 194, kwa shemeji kwenye 201, na kahawa zote mbili zinanyweka. Sensa zimekaa tofauti. Kaanga mara tano bila kusogeza sensa hata kidogo, andika mlio umeanza kwenye ngapi, hiyo ndiyo namba yako. Ukishafunga weka picha ya ncha ilivyokaa ndani ya ngoma, tukuangalizie kabla hujatoboa tundu la pili.