Ukilima mboga kando ya ziwa, soma hii kabla hujachota maji kwa keni

Wapendwa habari zenu. Leo naongea na wenzangu wa mchicha, chinese, figiri, nyanya na vitunguu huku pembeni ya Ziwa Victoria, kuanzia Luchelele na Nyegezi mpaka Igombe, Kayenze na Sangabuye, na ndugu zetu wa Sengerema na Ukerewe pia mmo humu humu. Mboga nyingi zinazoliwa Mwanza mjini zinatoka kwenye vitalu vyetu, na wengi tunalima hatua chache tu toka maji yanapoishia kwa sababu ndo rahisi, kiangazi kikiwa kikali wenzetu wa milimani wanalia sisi tunavuna. Nimelima hivyo miaka mingi na nimesomesha watoto kwa mchicha, kwahiyo sisemi haya kumdharau mtu. Ila nataka niliseme kwa sauti: acha kuingia ziwani na keni. Maji yafuate bustani, we usiyafuate maji.

Kwanini? Kichocho, ule ugonjwa wa minyoo inayotupata majini. Najua ukisema kichocho watu wanaona ni ugonjwa wa watoto wa shule, wale wanaopimwa urefu kwa kijiti alafu wanapewa vidonge, lakini mkulima wa mboga anayesimama kwenye maji ya magotini asubuhi na jioni kila siku yuko kwenye hatari sawasawa na mtoto anayeogelea. Mi mwenyewe nimetibiwa zaidi ya mara moja. Ugonjwa unazunguka hivi: mwenye kichocho akijisaidia ziwani au kichakani karibu na maji, mayai yanafika majini, yanaanguliwa, kijidudu kinachotoka humo kinamtafuta konokono wa maji, kikishaingia ndani yake kinazaliana wiki kadhaa alafu wanamwagika wadogo wasioonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu, na hao kazi yao ni moja tu, kutafuta ngozi ya mtu. Hawasubiri uyanywe maji, hawahitaji kidonda, dakika chache tu za kusimama pale zinawatosha. Cha huku kandokando ya ziwa zaidi ni kile cha tumbo, ambacho ukikiacha miaka kinaharibu ini, tumbo linavimba na mtu anaweza kufikia kutapika damu. Kile cha kukojoa damu ni zaidi cha ndani huko kwenye malambo na majaluba ya mpunga.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo maana wengi hatuunganishi. Huyo konokono anapenda maji yaliyotulia yenye majani mengi, kule ndo nyumbani kwake na ndo chakula chake. Na majani ya majini yanalishwa na nini? Na yuria yetu, na DAP yetu, na samadi tuliyoirundika pembeni ya maji ikapigwa na mvua ya kwanza ya vuli ikateremka yote. Mbolea uliyoinunua kwa hela yako inaenda kustawisha majani ambayo yanamtunza konokono ambaye anakuumwisha wewe, alafu hela ya mchicha unaipeleka hospitali. Sio mbolea za wakulima wa mboga peke yake, hapana, kuna maji machafu ya mjini yanayopita Mto Mirongo, kuna udongo unaobebwa na Mto Simiyu toka kwenye mashamba ya pamba na mahindi huko Usukumani, na hata moshi na vumbi la mashamba tunayochoma kiangazi vinapaa na kurudi ziwani na mvua. Ila sehemu ile unayosimama we na keni yako, mbolea iliyo karibu kuliko zote ni ya kwako.

Na zamani konokono alikuwa na maadui wengi zaidi. Wazee wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanawakumbuka furu, wale samaki wadogo wadogo wa ziwa hili, walivyokuwa wengi, na kuna furu ambao kazi yao ilikuwa kuvunja magamba ya konokono na kuwala, kamongo nae anawala sana. Sangara alipoletwa ziwani miaka ya 1950 na kuja kuongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, furu walipukutika vibaya, aina nyingi sana zikapotea. Sangara ametupa ajira na viwanda vya minofu, siwezi kumtukana, ila ni vizuri kujua kwamba ukigusa samaki umegusa konokono na ukigusa konokono umegusa tumbo la mtoto wako.

Nilisoma utafiti mmoja wa huko Senegal uliotoka mwaka 2023 kwenye jarida la Nature na ulinifurahisha kweli. Kule nako kuna vijiji vinalima kando ya maji na kichocho kimewashika. Walichofanya ni kutoa majani ya majini kwenye zile sehemu watu wanakochotea maji, konokono wakapungua, na watoto walioambukizwa tena wakawa wachache kuliko vijiji ambavyo majani hayakutolewa. Alafu yale majani hawakuyatupa, waliyafanya mboji wakaweka kwenye vitunguu na pilipili na mavuno yakaongezeka, mengine wakalisha mifugo. Yani kazi moja imegusa ugonjwa, shamba na zizi kwa pamoja. Majani yao ni ya kuzama ndani ya maji, sio gugu maji letu hili linaloelea, ila somo ni lile lile.

Kwa hili gugu maji letu nakushauri kwa uangalifu. Mboji yake ni nzuri, mi naichanganya na samadi ya ng'ombe na majani makavu, nageuzageuza mpaka ipoe kabisa na ikae kama udongo. Lakini usiling'oe kwa miguu mitupu, vaa gambuti ndefu na glavu au livute na reki ukiwa kwenye mtumbwi, maana mizizi yake imejaa konokono. Lirundike mbali na maji na lifunikwe, kipande kidogo kikirudi ziwani kinaota upya na mbegu zake zinakaa hai miaka mingi. Na usichukue la karibu na mitaro ya mjini au gereji, mmea huu unafyonza madini mazito kwenye maji machafu na ukiliweka bustanini unayapeleka kwenye mboga.

Sasa maji utayapataje bila kuingia? Kama mko kikundi, changeni pampu ndogo ya petroli au ya sola na mpira, mwingine anamwagilia asubuhi mwingine jioni, mafuta kila mtu anaweka yake. Kama pampu haijawezekana, tafuta mapipa mawili au simtanki, au chimba shimo ulitandike turubai zito, ujaze leo upumzishe maji siku mbili nzima yakiwa yamefunikwa, wakati huo unamwagilia kwa pipa la pili lililojazwa juzi. Vile vijidudu vikitoka kwa konokono havidumu zaidi ya siku mbili hivi bila kupata mtu, kwahiyo maji yaliyokaa hivyo bila konokono ndani ni salama kwa ngozi yako. Weka wavu kwenye mdomo wa mpira ili konokono asiingie. Na kama bado unalazimika kuchota, jaza mapema asubuhi, maana vijidudu vinamwagika zaidi jua likishapanda mpaka mchana, ila asubuhi sio kinga kamili, gambuti ivae tu.

Bustani yenyewe isogeze juu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu na zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa, na watu wanaichukulia kama sheria ya kuonea wanyonge, ila ukumbuke maji yalivyopanda 2020 na tena 2024, matuta mangapi yalimezwa. Ule ukanda acha nyasi na matete yasimame, yanakamata udongo na mbolea kabla havijafika majini. Yuria usimwage yote kwa mkupuo, weka kidogo kidogo, fukia, na ukiona wingu limekaa vibaya subiri.

Nije kwenye dawa za wadudu. Hapa huwa naumia roho. Mtu anapulizia nyanya, akimaliza anateremka na bomba lake analisuuza ziwani, na pembeni yake kuna mtu anaosha vyombo. Dawa nyingi za viwavi tunazonunua kwenye maduka ya pembejeo ni za kundi linalofanana na pareto, kwa binadamu zina nafuu ukilinganisha na zile za zamani ila kwa samaki ni sumu kali mno, kiasi kidogo tu kinaua vifaranga vya sato pale kwenye majani wanapokulia. Bomba lisuuze mara tatu huku huku shambani na yale maji yapulizie kwenye tuta lile lile. Chupa tupu itoboe, usimpe mtoto akabebee maji. Soma utepe wa rangi chini ya lebo, nyekundu ni kali kuliko zote, kijani ndo yenye nafuu, na soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zile siku ziheshimu hata kama mteja amekuja na hela mkononi. Kwa vidukari vichache kwenye chinese mi natumia majivu na maji ya mwarobaini na inatosha. Waliokuwepo watakumbuka mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, kuna watu walikuwa wanavua kwa kutumia viuatilifu, na aliyeumia ni kila mtu, mpaka yule ambae hajawahi kushika chupa ya sumu.

Kuna hili la ukijani. Siku zingine maji ya ghuba yanakuwa kama yamemwagiwa rangi, kijani kizito kinaganda ukingoni. Nacho ni mtoto wa mbolea na maji machafu, na aina zingine zinatoa sumu inayodhuru ini. Wengi wanaamini ukichemsha umemaliza. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na taifodi, ila sumu ya ukijani haitoki kwa kuchemsha. Ukiona hivyo usichote pale kwa kunywa wala kupikia, usimnyweshe ng'ombe, nenda kwenye bomba au kisima.

Alafu ile tabia ya kuosha mboga ziwani ili zing'ae kabla ya kupanda daladala kwenda sokoni, tuiache. Mchicha umetoka shambani mzuri unaenda kuuogesha pale pale watu wanapooga na kufua, mteja anaenda kuula na ugali, na kipindupindu tunakijua huku kwetu. Osha kwa maji ya bomba au ya kisima kilichofunikwa, kama huna mwachie mwenye genge aoshe mwenyewe na umwambie.

Kwenye kula sina mengi. Tunauza mboga zote tunabaki na ugali na chai, sio sawa. Bakiza fungu la nyumbani, lichemke kidogo tu na karanga au mafuta kidogo maana vitamini A ya kwenye majani inahitaji mafuta, kamulia limao ili madini ya chuma yaingie mwilini, chai inywewe baadae maana inazuia hayo madini. Na dagaa kula wakiwa wazima na mifupa yao, ndo kalsiamu ya bei rahisi kuliko zote hapa kanda ya ziwa. Nunua waliokaushwa kwenye chanja, wa mchangani wanakuja na mchanga na uchafu wote wa mwaloni.

Kama umelima kando ya maji muda mrefu nenda zahanati kapime choo na mkojo hata kama hujisikii kuumwa. Vidonge vya prazikwanteli vinatolewa kwa uzito, kula kwanza ndo umeze, kizunguzungu na kichefuchefu kidogo kinaweza kuja na kinapita. Vinaua minyoo iliyokomaa ila michanga inaweza kubaki na havikuwekei kinga, ukirudi kwenye maji kesho unaanza upya, kwahiyo ongea na mhudumu akwambie lini urudi kupima. Na nendeni wote, mume, mke, watoto na kijana wenu wa kumwagilia, maana mmoja akibaki bila dawa na choo hakuna shambani, konokono wa pale kwenu watapata mayai tena. Choo hata cha shimo kichimbwe juu, mbali na maji, kabla ya kufikiria kuongeza tuta lingine.