Lugha ya kigeni bila simu: maswali yenu

Tangu nitetee hapa kitabu, daftari na mdomo kama vifaa vya kutosha kwa mtu anayejifunza lugha ya kigeni, maswali hayakauki. Nusu yake ni swali moja lililovaa nguo tofauti. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Nina miaka 52. Je, nimechelewa kuanza Kijerumani?

Hujachelewa. Na wengine wenye swali hili la umri, tafadhalini someni jibu hili kabla ya kuliuliza tena.

Kila usiku nanakili maneno 30 kwenye daftari, asubuhi hayapo. Akili yangu ina kasoro?

Akili yako ni nzima. Tatizo ni kwamba umeuachia mkono kazi yote. Mtu anaweza kunakili ukurasa mzima huku anawaza madeni yake. Neno hukaa kichwani pale unapolazimika kulitoa bila kuliona, si unapolitazama kwa mara ya kumi. Piga mstari katikati ya ukurasa, Kiswahili kushoto, neno geni kulia. Funika upande wa kulia, tamka neno kwa sauti, ndipo ufunue. Ukikosa, tia alama na ulirudie.

Kisha yapunguze hayo 30. Kumi yanatosha, mradi kila moja uliandike ndani ya sentensi uliyoitunga wewe. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi saa za mwanzo, halafu kasi hiyo hupungua. Kwa hiyo marudio ya kesho asubuhi yana faida kuliko ya mwisho wa mwezi. Ukitaka utaratibu, tengeneza kadi, Kiswahili upande mmoja na neno geni upande wa pili, na sanduku la vyumba vitano, kama alivyoeleza mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi uliyoipata inasogea chumba kimoja mbele, uliyoikosa inarudi cha kwanza hata kama ilishafika cha nne. Chumba cha kwanza kipitie kila siku, cha mwisho mara chache. Programu kadhaa za simu wanazozililia watu zimejengwa juu ya wazo hilohilo, na sanduku halikukatizi kwa ujumbe wa rafiki.

Sarufi ni lazima?

Ndiyo. Anayekwambia watoto hujifunza bila sarufi amesahau kwamba mtoto ana walimu kutwa nzima na hana kazi nyingine.

Ninasoma Kifaransa kwa kitabu peke yake. Kaka yangu anasema matamshi yangu yatachekwa. Kweli?

Kaka yako anasema kweli. Kiswahili kimetudekeza: irabu tano, kila moja na sauti yake, na kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Mtu anaingia kwenye Kifaransa na imani hiyo, anatamka hadi konsonanti za mwisho wa neno ambazo mara nyingi hazitamkwi. Kosa likishazoeleka, kulitoa ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya.

Hapa karatasi haitoshi, na nasema hivyo mimi mtetezi wake. Wiki za mwanzo tafuta mtu anayeijua lugha vizuri akusomee, urudie, akukosoe bila haya. Akikosekana, sikiliza redio, hata kama huelewi, ili sikio lizoee. Jifunze pia alama za kifonetiki za kimataifa, zile zinazoonyesha neno linavyotamkwa, zinazotumika katika kamusi nyingi nzuri. Huhitaji zote, jifunze zile za lugha unayojifunza tu.

Mwombe mtu huyo akupe na imla: asome polepole, uandike, mlinganishe na kitabu. Wengi wanaidharau imla kama adhabu ya shule ya msingi. Sijaona zoezi linalofichua upesi hivyo sauti ambazo hujazisikia.

Sina wa kuzungumza naye. Nifanyeje?

Heinrich Schliemann, mfanyabiashara Mjerumani aliyekuja kufukua magofu ya mji wa kale wa Troy, alijifunza Kirusi mjini Amsterdam katika miaka ya 1840 bila mwalimu. Kwa maelezo yake, alimlipa mtu asiyejua hata neno moja la Kirusi aje kila jioni amsikilize akighani alichokariri. Kelele zikawachosha wapangaji wenzake, akalazimika kuhama nyumba mara mbili. Schliemann alipenda kujisifu, kwa hiyo msimwamini kila alichoandika kuhusu nafsi yake. Njia yenyewe ni nzuri, hata hivyo: soma kwa sauti, tunga insha fupi, isahihishwe, ikariri ikiwa sahihi, kesho yake iseme bila karatasi. Ukuta nao unasikiliza, na haukudai malipo. Wasioweza kusema peke yao chumbani sioni watakavyosema mbele ya mgeni.

Kamusi ipi?

Ndogo ya lugha mbili kwanza. Ukishaweza kusoma habari fupi, ya lugha hiyohiyo. Na usiifungue kwa kila neno! Maliza ukurasa, kisha tafuta yaliyojirudia.

Nataka kuongea Kichina fasaha kwa miezi mitatu. Unashauri kitabu gani?

Nashauri kalenda. Chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2,200 za darasani kwa Kichina, na hivyohivyo kwa Kiarabu, Kijapani na Kikorea. Kihispania ni kati ya 600 na 750. Makadirio hayo ni ya wazawa wa Kiingereza. Sisi tuna nafuu kidogo ya msamiati kwenye Kiarabu, kwenye Kichina hatuna. Saa moja kwa siku, hizo 2,200 ni miaka sita. Anayekuuzia miezi mitatu anauza salamu na namna ya kuagiza chai.

Naweza kupitisha insha zangu kwenye programu ya kutafsiri ili zisahihishwe?

Baada ya kuandika, labda. Kabla, hapana, maana ukishaonyeshwa sentensi utadhani ungeitunga mwenyewe. Kuna njia ya zamani zaidi. Roger Ascham, mwalimu wa Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliipigia debe katika karne ya 16 kwa wanafunzi wa Kilatini. Chukua aya fupi ya mwandishi mzuri, itafsiri kwa Kiswahili, funga kitabu. Pumzika saa moja au zaidi. Kisha itazame tafsiri yako tu na uirudishe aya kwenye lugha yake. Fungua kitabu, linganisha: mpangilio wa maneno, nyakati, vihusishi ulivyovipachika kwa mazoea ya Kiswahili. Msahihishaji wako atakuwa mwandishi mwenyewe. Tumia madaftari mawili, moja kwa kila upande, na anza na mistari mitano.