"Debt", "debit" na "receipt": herufi zipi hutamkwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeanza kazi ya ukarani wa hesabu. Nikisoma "debt", "debit" na "receipt" kazini, natamka b na p kama zilivyoandikwa. Wenzangu hunisahihisha bila kunieleza sababu. Na je, "debt" na "debit" si kitu kimoja?

JIBU: Marahaba. Hapana, ni vitu viwili. "Debt" ni deni, na hutamkwa "det". "Debit" ni kiasi kinachoingizwa upande wa kushoto wa akaunti, na b yake husikika. Si lazima pawe na deni: duka likilipa pango kwa fedha taslimu, gharama hiyo huingizwa debit ingawa hakuna anayedaiwa.

Hiyo b ya "debt" ilichomekwa tu. Waingereza walilipata neno kutoka Kifaransa, "dette", lisilo na b. Baadaye wasomi waliokienzi Kilatini wakaiongeza ili neno lifanane na "debitum". Watu wakaendelea kutamka vilevile. Ndivyo pia "receipt" ilivyopata p, kwa kufuata "recepta" ya Kilatini. Kwa hiyo usijione mzembe. Unasoma kwa kanuni ya Kiswahili, ambayo kwa Kiingereza haitoshi.

Msaada mmoja unao tayari. Maneno mengi ya Kiingereza tuliyakopa kwa sikio, tukaacha herufi zisizosikika: "risiti" haina p, "saini" iliyotoka kwa "sign" haina g, na "kabati" iliyotoka kwa "cupboard" haina p. Hata "colonel", neno linalowatesa wanafunzi wangu wengi, huanza karibu na "kanali" kuliko na maandishi yake.

Lakini usiamini mkazo wa Kiswahili. "Risiti" ina bahati, kwani mkazo uko kwenye "si" katika lugha zote mbili. Sisi husema kaBAti, kaNAli. Waingereza hukaza silabi ya kwanza na kuifupisha ya mwisho. Ukifungua kamusi, tafuta kistari kidogo cha juu: silabi inayokifuata ndiyo yenye mkazo.

Neno likirefushwa, lichunguze upya. G isiyosikika katika "sign" husikika katika "signature", ilhali b ya "debtor", yaani mdaiwa, hubaki kimya: "deta".