Jibu: Majeraha ya visu hayapungui kiwandani

Pole, dada. Umeandika kwamba kiwanda chenu cha minofu ya sangara hapa Mwanza kina semina ya afya kila mwaka, lakini wakataji bado wanajikata. Semina pekee haitoshi.

Anzeni na tatizo hilo moja. Andikeni kila jeraha: saa, meza, hali ya kisu, glavu ilivaliwa au la. Waulizeni wakataji wenyewe. Kisu butu hulazimisha nguvu, kikateleza. Kisha jaribuni badiliko dogo, mfano kunoa visu katikati ya zamu, meza moja kwanza. Majeraha yakipungua, panueni. Yasipopungua, jaribuni jingine.

Anayeripoti asiadhibiwe kamwe, la sivyo watu wataficha.

Kidole kikifa ganzi au kidonda kikivimba, hospitali siku hiyohiyo. Ajali kubwa ziripotiwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.