Vidukari, virusi na mbegu ya mahindi

Ndugu yangu wa Makunduchi ulouliza kwa nini umepiga dawa ya vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa majani, na mahindi yako ya maweni bado yana mabaka mabaka, skiza, kidukari mwenye mbawa akitua tu akadonoa jani sekunde kadhaa keshaacha virusi vya mozaiki, ndo vinavyoleta hayo mabaka, dawa inamkuta kazi keshaimaliza. Ndo maana wenzetu wanakimbilia mbegu inayohimili virusi. Kenya 2011 kule Bomet mahindi yalikauka konde nzima, kumbe virusi viwili vimekutana, kimoja hichi cha vidukari chengine kinaletwa na thiripsi, vidudu vyembamba vidogo sana, na mende wa majani, basi 2013 CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, na shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, sasa linaitwa KALRO, wakafungua kituo Naivasha, mimea inaambukizwa makusudi, itakayosimama ndo inachanganywa na mbegu wanazozipenda wakulima. Kazi ya misimu na misimu hiyo bwana.

Kinga yenyewe mara nyengine inatoka kwa jirani tu, shayiri za Uhabeshi ndo zilotoa jeni ya Ryd2, chembe ya urithi inayoufanya mmea wa shayiri uvumilie virusi vya udumavu wa manjano, navyo vinaenezwa na vidukari. Nasema kuvumilia, maana mmea unaambukizwa ila unazaa.

Wewe saivi kama ni miche michache iloumwa ing'oe mapema, na usiweke mbegu kutoka konde iloumwa. Halafu mwite bwana shamba aangalie, maana kama ni michirizi imenyooka kufuata urefu wa jani basi yaelekea huyo si kidukari, ni kile kidudu kinachorukaruka ukigusa majani, na mbegu yake ya kuhimili ni nyengine kabisa.