Jibu: Taka za wagonjwa zahanati ya Mbagala

Mkuu, umeuliza kama kipindi hiki cha mlipuko wa ugonjwa mnaweza kuchoma glavu na barakoa kwenye pipa nyuma ya zahanati. Hapana. Pipa linatoa moshi tu, na uani kwa jirani kuna nguo zimeanikwa. Tanuri la kuteketezea linatakiwa lifike nyuzi joto 850 na zaidi. Ombeni hospitali yenye tanuri iwachomee.

Ila kasheshe ni sindano. Usirudishie kifuniko, tupa moja kwa moja kwenye sefti boksi (boksi gumu la kutupia sindano), likifika robo tatu funga. Nimewahi kuona boksi limeshindiliwa hadi sindano zinachungulia ubavuni, na dada wa usafi kalikumbatia bila glavu!

Maganda ya ndizi za chai ya saa nne yawekewe ndoo yake. Mkichanganya na taka za wagonjwa, mzigo wote ukienda dampo la Pugu utawakuta waokota chupa.